Mama ana ugonjwa wa kusahau, leo siku ya tisa hajaoga. Nifanyeje?

Binti wa Chikongola
Wakuu, habari za jioni. Niko Mtwara mjini. Mama yangu ana miaka 78. Nilimtoa kijijini, Newala, mwaka jana baada ya kupotea mara mbili ndani ya mikorosho yake mwenyewe. Hospitali wakatuambia ni ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, dawa ya kuuondoa hakuna. Hilo nimelikubali. Kinachonishinda ni kuoga.

Nikimwambia "mama, maji tayari", ananijibu "nimeshaoga alfajiri, unataka nioge mara ngapi?" Tunaanza kubishana hapo hapo. Jumapili mimi na mdogo wangu tulimshika, tukamwingiza bafuni, tukafungua bomba la mvua. Alipiga kelele mpaka majirani wakaja kugonga geti. Kaning'ata kidole, kisha kajikunyata kwenye kona anatetemeka, ananiita kwa jina la shangazi yake aliyekufa zamani. Tangu siku hiyo akiniona nimeshika taulo tu, anang'ang'ania fremu ya mlango.

Kaka yangu yuko kijijini na msimu huu wa korosho hatoki. Joto lenyewe mnalijua, harufu ipo, wageni wanakuja, na anayeonekana hamtunzi mama ni mimi. Aliyepitia hili anisaidie.

Mpigadebe_Masasi
Dada angalia na mambo ya ukoo. Mzee kuogopa maji si bure.

Nesi Mstaafu, Lindi
Wewe wa Masasi, wazee wangapi wameitwa wachawi kwa maneno kama hayo? Huo ni ugonjwa wa ubongo. Tuendelee.

Mwanangu, pole. Kwanza usimshike tena kwa nguvu. Tukio lenyewe atalisahau, lakini woga unabaki, ndiyo maana sasa hivi anagombana na taulo. Liweke mbali mpaka mwisho.

Bomba la mvua liache kabisa. Maji yanayoshuka juu ya kichwa yanamtisha mgonjwa kama huyu, haoni yanakotoka. Mkalishe kwenye kiti imara, chini uweke mkeka wa mpira asiteleze. Tafuta beseni la rangi, maji kwenye beseni jeupe hayaoni sawasawa. Yawe vuguvugu, yapime kwa kiwiko. Anza na miguu, panda polepole, uso uache mwisho. Na usimvue nguo zote! Mfunge khanga kuukuu aoge nayo, wewe unapitisha kitambaa chini ya khanga, sehemu moja baada ya nyingine, huku unamwambia unachofanya. Mpe dodoki alishike. Mikono ikiwa na kazi, vidole vyako vitapona.

Halafu nani kakwambia ni lazima aoge kila siku? Mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha, mradi kila siku umpanguse kwapani, chini ya matiti, sehemu za siri na katikati ya vidole vya miguu, na ukaushe vizuri. Kwa joto letu la pwani, mikunjo ikibaki na unyevu inachubuka upesi. Hapo hapo unamkagua vidonda, hasa makalioni na visiginoni.

Nikuulize: kukataa huku kulikuja taratibu au ghafla? Kama ni ndani ya siku chache tu, mpeleke hospitali, dirisha la wazee, apimwe mkojo na malaria. Mzee mwenye maambukizi ya njia ya mkojo anaweza kuzidi kuchanganyikiwa bila hata homa.

Binti wa Chikongola
Asante sana mama. Kulikuja taratibu, tangu Juni hivi. Ila kesho nitampeleka apimwe, maana usiku anaamka sana kwenda haja ndogo.

Mtoto wa Newala
Dada, mimi nakupa la kwetu. Kule juu mama zetu walikuwa wanashuka bondeni kabla jua halijatoka, wanarudi wamejitwika maji wanapanda kilima. Ndoo moja ilikuwa ya kupika, kunywa na kunawa watu wote wa nyumba. Bibi yangu tulipomleta Dar, ameshaanza kusahau, kazi yake ilikuwa kuzunguka kufunga mabomba. Akisikia mtu anaoga analia kabisa: "Wanamwaga maji!" Sasa wewe umemfungulia mama yako maji yanashuka tu na kupotea shimoni. Mimi mwenyewe ningeng'ata.

Tafuta ndoo ndogo na kopo. Neno "kuoga" lisahau. Mwambie umechota maji kidogo, mnawe miguu.

Mama Wawili wa Mikindani
Swali moja: baba watoto anakuwepo? Mama wa Kimakonde hapiti na khanga moja mbele ya mkwe wake. Jina lako anaweza kulisahau, hilo halisahau.

Binti wa Chikongola
Narudi baada ya siku sita. Mkojo ulikutwa na maambukizi, anamalizia dawa, usiku sasa analala afadhali kidogo.

Wa Mikindani umenimaliza. Bafu letu linatazamana na sebule, na mume wangu ndipo anapokaa kuangalia mpira! Siku hizi saa kumi jioni anatoka kwenda barazani. Hakunung'unika.

Juzi nikaweka ndoo ya kijani uani, nikakaa kwenye kigoda, nikaanza kunawa miguu yangu mwenyewe bila kumsemesha. Akaja, akachungulia ndoo. "Maji umetoa wapi?" Nikamwambia nimechota. Akakaa. Akachukua kopo mkononi mwangu, akaanza kuniosha mimi miguu, anasugua visigino kwa kidole gumba kama nilipokuwa mdogo. "Kilima kirefu, umechoka," akasema. Nikamwambia na yeye kachoka, sasa zamu yake. Akanyoosha miguu. Tukafika magotini, mgongoni, kwapani, yote chini ya khanga. Ndoo moja, na yaliyobaki akaniamuru nimwagilie mchicha.

Jana alikataa, nikampangusa tu. Leo kakubali. Kichwa ndiyo bado, nikigusa nywele anaruka. Kuna mwenye njia?

Nesi Mstaafu, Lindi
Kichwa kisikuumize. Mkalishe kivulini, mpake mafuta ya nazi kwanza, umkune taratibu kama unataka kumsuka. Akizoea mkono, pitisha kitambaa chenye maji vuguvugu kilichokamuliwa. Usimmwagie. Na kama nywele ni ndefu, mwombe akubali zipunguzwe.

Mtoto wa Newala
Mchicha umeota?