Semina ya "kutatua migogoro kazini" imemfukuzisha mzee wetu. Mabosi mnatuchezea!

Wakuu, nimetoka zamu ya usiku hapa Kampala, nina usingizi na nina hasira, basi mnivumilie.

Kampuni yetu ni ya ulinzi. Sitaitaja, bado nakula huko. Juzi walituita makao makuu, eti semina ya kutatua migogoro kati ya viongozi na askari. Soda, chapati, na jamaa wa tai anatuambia mlango wa bosi uko wazi, semeni yote. (Sisi milango ndiyo kazi yetu, tunajua upi uko wazi.) Ukumbi kimya. Akasimama mzee mmoja wa West Nile, amepita miaka 10 kazini. Hakumtukana mtu. Alitoa karatasi ya mshahara, zile wanazokata kwa mkasi nne kwenye ukurasa mmoja, akauliza: mbona kila mwezi nakatwa pesa ya buti na buti ni hizi hizi? Akainua mguu, soli imefungwa waya. Halafu akauliza ile 5% ya NSSF (mfuko wa akiba ya uzeeni) anayokatwa inakwenda wapi, maana kwenye akaunti yake haionekani, wala 10% ya kampuni haionekani. Tukapiga makofi. Bosi naye akapiga! "Asante mzee, tutalifanyia kazi."

Wakalifanyia kazi kweli. Jumatatu mzee anakwenda kuchukua bunduki, mtunza silaha anamwambia jina lako limetolewa. Barua hakuna. Jioni HR, ambaye ni shemeji wa bosi, anampigia: una utovu wa nidhamu, njoo usaini uchukue chako. Karatasi yenyewe ni ya Kiingereza, na ndani imeandikwa hana madai yoyote tena.

Sasa Sheria ya Ajira ya 2006 inasema hivi: kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, unamweleza sababu kwa lugha anayoielewa, unampa nafasi ya kujitetea, na ana haki ya kuja na mtu wake. Usipomsikiliza, hata kama kosa lipo, unamlipa wiki nne. Mzee hakuitwa popote. Aliyelalamikiwa ndiye aliyeshtaki, ndiye aliyehukumu.

Halafu wanasema shida yetu ni mawasiliano. Mawasiliano gani? Mgogoro ni pesa zetu! Leteni risiti za NSSF mezani tuone kama kutakuwa na mgogoro tena. Soda zenu kunyweni wenyewe.

Na wale wa "si uache kazi", niende wapi? Kima cha chini nchi hii bado ni shilingi 6,000 kwa mwezi, cha tangu 1984. Hiyo leo ni rolex (chapati ya mayai) mbili tatu. Bosi anajua foleni ya wanaotaka nafasi yangu iko getini.

Mzee hajasaini. Malalamiko yanatakiwa yafike kwa afisa wa kazi ndani ya miezi mitatu, na afisa akikaa nayo siku 90 bila uamuzi, unaweza kusogea Mahakama ya Viwanda. Kuna aliyeipita njia hii? Ulibeba karatasi gani? Mashahidi wenzako walikubali kujitokeza au waliogopa? Na afisa asiyekunywa chai na mabosi, mwenye kumjua anitumie inboksi. Wa "mzee alikosa adabu" piteni kushoto.