Besi fupi ya mashoto: Höfner ya umbo la fidla, umbo la SG, au nigeuze ya mkono wa kulia?

Shoto_Ngamiani
Wakuu, habari za jioni. Napiga besi kwenye kikundi cha taarab hapa Tanga na natumia mashoto. Besi ninayoazimwa ni ndefu, inchi 34 za urefu wa uzi unaolia, na shoo haifiki katikati bega halijaanza kuuma. Nataka fupi ya inchi 30 au 30 na nusu. Naona njia tatu: Höfner ya umbo la fidla toleo la mashoto (Ignition, ile ya bei nafuu), yenye umbo la gita la Gibson SG (jembamba, pembe mbili fupi), au nichukue ya mkono wa kulia Kariakoo niigeuze. Kikubwa itulie mwilini. Sauti tutaitafuta mbele ya safari.

Besi_Chumbageni
Geuza mkuu, usijisumbue. Hendrix, yule mpiga gita wa mashoto, aligeuza na dunia ikamkubali. Ukisubiri besi ya mashoto ije dukani Tanga utaota mvi.

FundiNyuzi
Chumbageni, punguza haraka. Besi nyingi zinazotulia zina pembe ndefu ya juu, na kishikizo cha mkanda kinafika karibu na freti ya 12 (freti ni vile vichuma vya shingoni). Ukiigeuza, pembe ndefu inakwenda chini na mkanda unashika kwenye pembe fupi, karibu zaidi na daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi kiwiliwilini. Shingo inabaki nje na ule uzito wote wa mashine za kukazia nyuzi. Ukiachia mkono, kichwa kinaelekea sakafuni. Halafu vitufe vya sauti na tundu la waya vinahamia juu, ndipo unapolaza mkono wa kupigia. Na ile pembe ndefu huko chini inakuzuia kufika freti za juu.

Bado hujagusa kijiti cha juu kinachopitisha nyuzi. Mfereji wa uzi mnene ni mpana mno kwa uzi mwembamba, uzi unacheza na kulia. Kijiti kitachongwa upya, na daraja utalipanga upya mpaka sauti ya freti ya 12 ikubaliane na ya uzi mtupu, oktava moja kamili.

BintiBagamoyo
Nasoma muziki huku Bagamoyo na vidole vyangu vifupi, kwa hiyo hili nimelipima kwa rula. Kwenye inchi 34 freti ya kwanza ina karibu milimita 48. Kwenye inchi 30 ni karibu 43. Milimita tano unaweza kuzidharau hadi upige mistari ya chini wimbo mzima wa dakika kumi na tano, unajua mwenyewe nyimbo zetu.

Ya SG niliishika ya mkono wa kulia. Kiwiliwili chembamba, raha kukumbatia, ila kichwa kinazama vibaya sana. Mkono wa kwenye shingo ukageuka nguzo badala ya kupiga.

MzeeRaskazone
Mwanangu, hujasema unapiga umekaa au umesimama.

Shoto_Ngamiani
Shikamoo mzee. Mazoezini tunakaa. Harusini siku hizi wanataka tusimame, tena tuchezecheze kidogo.

MzeeRaskazone
Marahaba. Basi fidla. Tangu kikundi cha Black Star kilipoleta magita kwenye taarab ya Tanga, besi yetu ni ya kusindikiza mwimbaji, si ya kupiga kelele. Ile Höfner ni tupu ndani, nyepesi, na sauti yake ya mviringo inakaa chini ya fidla na kodiani bila kugombana. Weka nyuzi laini zisizokwaruza. McCartney, mpiga besi wa Beatles, naye ni mashoto, akainunua Hamburg mwaka 1961, na alishasema umbo lake linafanana pande zote mbili, kwa hiyo mshoto haonekani kichekesho.

Besi_Chumbageni
Mzee, nakuheshimu, lakini hiyo nayo haina pembe. Itainama vilevile. Na ukiiweka karibu na spika kubwa inavuma yenyewe.

FundiNyuzi
Kweli inainama kidogo, Chumbageni hajakosea. Ila uzito wenyewe mdogo, bega halichoki. Tumia mkanda mpana wa ngozi wenye upande wa ndani unaokwaruza shati, usiwe wa nailoni unaoteleza. Ikizidi, funga ncha moja ya mkanda kichwani mwa besi, nyuma ya kijiti. Na simama pembeni ya spika, usisimame mbele yake.

BintiBagamoyo
Nyuzi je? Hapa pwani kutu haisubiri, na kila duka lina za besi ndefu tu.

FundiNyuzi
Pima kutoka mkiani, pale uzi unapoanzia, mpaka kwenye kijiti. Höfner ina mkia mrefu, ukipima kuanzia darajani unanunua zisizofika. Ukilazimika kukata ndefu, kwanza kunja uzi pembe kali, ndipo ukate mbele ya kunjo, la sivyo waya wa nje unafumuka. Na uzi uleule kwenye inchi 30 unapoteza zaidi ya moja ya tano ya mkazo, kwa hiyo ukiuona unalegea panda unene kidogo.

Shoto_Ngamiani
Nimeelewa. SG naifuta. Kuna jamaa ana Höfner ya mkono wa kulia anaiuza. Kwa kuwa inafanana pande zote, si nigeuze hiyo?

FundiNyuzi
Hiyo ndiyo ninayoweza kukubali kuigeuza. Daraja ni la mbao na halikugongelewa, linageuka. Kijiti nachonga. Kibao cha vitufe kitabaki upande wa juu, hilo utalizoea au utaona karaha, sijui wewe. Kabla hujatoa hela ivae na mkanda wako mwenyewe, achia mikono yote miwili, uangalie kichwa kinakwenda wapi.

Besi_Chumbageni
Kwa hiyo tumerudi kwenye kugeuza 😂

Shoto_Ngamiani
Fundi, kesho baada ya Alasiri upo?

FundiNyuzi
Nipo. Njoo nayo ikiwa na nyuzi zake, usizitoe.