Nyayo zilizogeuka vichuguu kwenye picha

Muulizaji, Mikindani:
Ndugu zangu, jana maji yalipokupwa nilipiga picha ya nyayo zangu mchangani, lakini kila nikiitazama naona vichuguu vilivyotuna badala ya mashimo. Ni kwa nini?

Jibu, Lindi:
Geuza simu juu chini, ndugu, kisha utazame tena. Ubongo huchukulia kwamba mwanga hutoka juu, kwa hiyo kivuli kikiangukia upande wa chini wa umbo, shimo huonekana kama kilima.

Muulizaji:
Naam, hata alama za vidole zimezama! Mke wangu bado anaona vichuguu, nasi tunabishana tangu chai ya asubuhi.

Jibu, Newala:
Picha za mashimo ya Mwezini nazo hudanganya vivyo hivyo. Mwambie shemeji atafute kwanza jua lilikuwa upande gani.