Masika yameshika Tanga, saiti zimesimama: wajenzi tupeane uzoefu wa kupanga kazi

MwenyeTimazi (Chumbageni)
Wagosi, habari za mvua. Kuanzia mwishoni mwa Machi mpaka Mei hapa kwetu ukichimba msingi leo, kesho ni bwawa, na plasta ya nje inateremka na maji kabla haijashika. Wengi wanafunga stoo, halafu Juni ndiyo wanaanza kuulizana toroli ziko wapi na mteja gani anadaiwa nini. Tupeane uzoefu, miezi hii unaipangaje? Stoo, daftari, mashine, karatasi za zabuni, chochote. Vipimo viwepo, "jipange" peke yake haimsaidii mtu.

StooKwanza (Kange)
Hesabu kwanza, kutengeneza baadaye. Siku jua likitoka toa kila kitu nje, fanya mafungu matatu: kizima, kinachotengenezeka, chuma chakavu cha kuuza. Marine bodi (plaiwudi za kumwagia zege) zing'oe misumari, zikwangue zege, kisha pakaa oili chafu kwenye kingo, maana maji huingilia kwenye kingo na ndiko tabaka zinakoanza kuachana. Zilaze bapa, usiziegemeze ukutani, zitapinda. Propu (nguzo za chuma za kushikilia bodi) kila moja iwe na pini yake. Pini ikipotea kijana atachomeka kipande cha nondo ya milimita 8, na hicho ndicho kinachopinda zege likishakuwa juu.

Mwambao86
Hapo kwenye pini umesema kweli tupu.

GiaNaMkanda
Mashine ya zege msiiache na petroli. Ikikaa miezi miwili inaacha gundi kwenye kabureta, na kwa unyevu wa huku maji yanajikusanya chini ya tenki. Mwaga oili ya zamani injini ikiwa bado ya moto, weka mpya. Kisha funga koki ya mafuta, iache iungurume mpaka ijizimie, legeza skrubu ya chini ya kabureta kilichobaki kitoke, na tenki ulimwage. Chomoa plagi, tia kijiko kimoja cha oili kwenye tundu, vuta kamba taratibu mara mbili tatu, rudisha plagi. Mkanda ulegeze.
Zege lililoganda ndani ya pipa msiligonge kwa nyundo kutokea nje. Pipa likibonyea, meno ya ringi inayozunguka pipa hayakai tena sawa na pinioni, gia ndogo inayoliendesha. Tia kokoto na maji, zungusha dakika 20, kinachobaki kitoe kwa patasi kutokea ndani. Hiyo kazi ya kokoto ifanyike kabla hujamwaga mafuta, bila shaka.

FundiMabawa
Umesahau grisi kwenye meno ya ringi. Bila grisi yanalika kavukavu.

GiaNaMkanda
Sikusahau, mgosi. Meno ya ringi yako wazi. Grisi inashika mchanga na vumbi la simenti, inakuwa msasa, meno yanaisha mapema. Grisi inakwenda kwenye beringi na ekseli, pale penye chuchu.

FundiMabawa
Na kutu ya pwani je? Mashine ya Sahare si sawa na ya Korogwe.

GiaNaMkanda
Kwa kutu, sawa: mashine ikilala, pakaa oili nyepesi kwenye meno. Siku ya kuanza kazi ifute kwa tambara.

GhalaKavu (Pongwe)
Simenti lazima izungumzwe kwa urefu, maana ndiyo inayokausha mitaji ya watu. Chukueni ghala la mabati njia ya Pangani: mifuko 200 imeingia mwanzoni mwa Aprili. Imelazwa kwenye nailoni iliyotandikwa sakafuni, imeegemea ukuta, kimo mifuko 16. Paa halivuji hata tone. Juni mlango unafunguliwa: safu ya chini yote jiwe. Mifuko ya ukutani imeganda upande mmoja, ukiugonga kwa kidole unalia kama mlango. Katikati, ya chini imeshikana kwa uzito. Mifuko 60 imekwenda na maji, na hakuna aliyeyaona maji.
Yaliingiaje? Usiku bati linapoa, unyevu wa hewa unageuka matone kwenye bati na ukutani, unateremka mpaka kwenye mifuko. Chini, nailoni peke yake inakusanya umande chini ya mfuko, haina pa kuupeleka.
Kwa hiyo paleti za mbao, sentimita 15 kutoka sakafuni. Sentimita 30 kutoka ukutani, mtu aweze kupita kwa ubavu akakague. Kimo kisizidi mifuko 10. Mifuko ibanane bega kwa bega upepo usipite katikati, na fungu zima lifunikwe nailoni juu na ubavuni. Madirisha yafungwe, kuyafungua "simenti ipate hewa" ni kuikaribisha mvua ndani. Andika tarehe ya kuingia kwa chaki, iliyotangulia kuingia itangulie kutoka. Na hata ukifanya yote hayo, simenti ya miezi mitatu inaweza kuwa imepoteza kama moja ya tano ya nguvu zake. Usiipeleke kwenye nguzo.

Mwambao86
Mifuko 60! Subhanallah.

BeiYaMasika
Mnatisha watu. Bei ikipoa masika ndipo pa kununua. Lipia kwa muuzaji, chukua risiti ya EFD, mzigo ubaki kwake, uchukue kidogo kidogo.

DadaMhasibu
Kaka, risiti ya EFD haikulindi muuzaji akifilisika. Usilipie mzigo usiouona. Kama ni lazima, muwe na hati ya maandishi yenye idadi ya mifuko na tarehe ya mwisho ya kuchukua.

KijanaWaMikanjuni
Shikamooni. Iliyofanya mabonge inafaa?

GhalaKavu (Pongwe)
Marahaba. Bonge linalosagika kwa vidole ni uzito tu uliolishindilia. Chekecha, tumia kwenye kazi ndogo za udongo wa kujengea. Lisilosagika kwa vidole tupa, usilitwange ukarudisha kwenye mfuko.

DadaMhasibu
Nirudi kwenye daftari, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Masika chukua kila kazi iliyoisha, linganisha kilichotakiwa na kilichotumika. Zege la 1:2:4 (simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne) linakula takriban mifuko 6.4 kwa mita ya ujazo, mchanga mita za ujazo 0.45, kokoto 0.9. Slabu ya mita 12 za ujazo ni mifuko 77. Daftari likisema 90, kuna 13 ya kuitafuta. Ama fomu (mbao za kushikilia zege) ilivimba, ama watu walipima kwa sepeto, ama ilitoka getini. Ya sepeto ina dawa: tengeneza maboksi ya kupimia kwa mabaki ya mbao, sentimita 30 kwa 30, kimo 39. Hiyo ni lita 35, sawa na mfuko mmoja. Matofali ya inchi 6 piga 9 kwa mita ya mraba. Nondo zipime kwa mzani: mita moja ya milimita 12 iwe karibu kilo 0.89. Kutu nyekundu ya juujuu haina neno. Kutu inayobanduka magamba ipige brashi ya waya, kisha pima tena.

MwenyeTimazi (Chumbageni)
Dada, hiyo naibandika stoo.

ZabuniZaJulai
Msisahau mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1. Atakayesubiri Julai ndipo atafute nywila ya NeST (mfumo wa serikali wa zabuni mtandaoni) na karatasi za TRA, NSSF na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi), zabuni za halmashauri zitampita. Ada ya CRB (bodi ya usajili wa makandarasi) hakikisha imelipwa na daraja lako linaruhusu thamani ya kazi unayoiomba.

FundiMabawa
Na mafundi je? Mimi nasema wabaki kwa posho, wakunje ringi za nondo za kufungia nguzo bandani. Nguzo ya milimita 230 kwa 230, ukiacha 30 za zege kila upande, ringi inakula milimita 840 pamoja na ndoano. Nondo moja ya mita 12 inatoa ringi 14.

StooKwanza (Kange)
Ringi bila ramani mkononi ni nondo iliyoharibika. Waacheni waende Muheza wakalime, masika ni ya shamba pia. Baki na wawili: wa stoo na wa mashine.

FundiMabawa
Ukimwacha fundi mzuri Aprili, Juni utamkuta kwa jirani.

PaaHalivuji
Huyo fundi mmoja mpeni kazi hii: mvua ikinyesha, si baada ya kukatika, azunguke majengo yaliyo kwenye kipindi cha matazamio, yaani yamekabidhiwa lakini kasoro bado ni juu yetu. Aangalie kona za mfereji wa paa, chini ya madirisha, na maji ya paa yanakodondokea kama yanachimba msingi. Apige picha, aandike chumba na tarehe. Jua likirudi mnarekebisha mara moja, ndipo mnadai pesa ambayo mteja aliizuilia mpaka kipindi hicho kiishe.

ChokaaBagamoyo
Nasi wa Bagamoyo tunaorekebisha nyumba za mawe za Mji Mkongwe, masika ndiyo wakati wa kuzima chokaa, yaani kuiloweka chokaa iliyochomwa iwe uji. Mimina chokaa kwenye maji, usimimine maji juu ya chokaa, yatakurukia usoni yakichemka. Miwani na glavu. Ichekeche iingie shimoni, juu yake maji yasimame sentimita chache muda wote, ikae angalau miezi mitatu. Ya Aprili inakuwa tayari Julai, laini kama siagi, haina punje za kuja kupasua plasta.

KijanaWaMikanjuni
Shimo la ukubwa gani, mzee?

ChokaaBagamoyo
Mita moja kwa moja, kina mita moja, kuta za tofali. Lifunike kwa mbao nzito, watoto wasitumbukie.