Bresi za chuma, za rangi ya jino au zile za plastiki: nichukue zipi?

BabaSalma
Habari za jioni wakuu. Kuna meno hapa nyumbani yanatakiwa kupangwa. Nimeambiwa nichague: vyuma vya kawaida, vya rangi ya jino, au plastiki za kuvaa na kuvua. Bei zimepishana mno. Wenye uzoefu naombeni mwongozo, natakiwa kujibu wiki ijayo.

Mzee wa Gerezani
Meno ya nani? Umri gani? Yamebebana, yametokeza au yana nafasi? Unaulizia viatu bila kutaja saizi.

Kidoti
Chukua chuma mkuu, ndicho imara na ndicho nafuu. Vya rangi ya jino ni kauri, ukitafuna muwa vinameguka. Na ile mipira inayoshika waya ikikutana na mchuzi wa binzari, kesho yake ni njano tupu.

TabataMoja
Plastiki jamani! Mimi navaa na kazini hakuna aliyegundua. Kula unavua, mswaki unavua.

Kidoti
Wewe mtu mzima. Zile zinatakiwa kukaa mdomoni saa 20 hadi 22 kwa siku. Mpe mtoto wa shule uone, atazifunga kwenye tishu saa ya chai, zitupwe na takataka.

Mama Ilala
Mnabishana vifaa, daktari hamumtaji. Binti yangu alifungwa vyuma kliniki moja ya mjini, bei nzuri, nikalipa yote mwanzoni. Daktari alikuwa wa kuja mara moja kwa mwezi kukaza waya. Miadi ikaanza kuahirishwa, mara yuko safarini, mara ana udhuru, mwisho simu haipokelewi. Waya wa nyuma ukateleza, ncha ikawa inamchoma shavuni, usiku halali, tunaifunika kwa nta. Nikaenda kwingine, wakataka eksirei na rekodi za mwanzo. Kule kwa kwanza wakasema faili analo daktari! Kila niliyemfuata anataka kubandua vyote aanze upya, na pesa upya. Lipa kwa awamu, baba, na uliza nani atakuwepo mwaka wa pili.

Meru Damu
Kama mmekulia huku kwetu Arusha, mwambieni daktari mapema. Meno yaliyobadilika rangi kwa floraidi ya maji hayashiki gundi vizuri. Vyuma vyangu vilikuwa vinabanduka hata kwa ugali.

BabaSalma
Asanteni. Wako wawili. Mtoto ana miaka 8, meno ya juu yametokeza, ananyonya kidole. Mama yake ana 35, anataka kuziba mwanya. Tupo Songea, daktari yuko Dar.

Mama Ilala
Songea! Na waya unakazwa kila baada ya wiki chache. Nauli umeipigia hesabu?

Mzee wa Gerezani
Miaka 8 bado ana meno ya utoto. Wengi husubiri ya ukubwani yaote, kwenye miaka 11 hadi 13. Ila akapimwe sasa hivi, maana meno yaliyotokeza ndiyo yanayovunjika mtoto akianguka. Na kidole kwanza! Asipoacha, hela inapotea.

Kidoti
Subirini, kuziba mwanya?! Watu wanautafuta kwa tochi, ninyi mnalipa uzibwe?

TabataMoja
Mdomo ni wa mama Salma, Kidoti. Plastiki zinaweza kuufunga, ila baadaye awekewe waya mwembamba nyuma ya meno au avae riteina usiku (kile kifaa cha kushikilia meno yasirudi yalikokuwa), la sivyo unafunguka tena. Wakague pia kile kijinyama kinachoshika mdomo wa juu na fizi.

Kidoti
Mwanya ubaki. Baba Salma, uliutongoza wewe mwenyewe ule.

Meru Damu
😂😂 Jamani naingilia uzi: riteina yangu imetafunwa na mbwa. Nyingine lazima nipimwe upya?

TabataMoja
Lazima, labda kama kliniki wametunza kipimo chako. Na wahi. Kwani ulikuwa unaiweka wapi?