Stima ya usiku nusu bei: taima zitasaidia kwenye mita ya nyumbani?

MkaziWaDonholm

Wadau, salamu. Nimesikia hapa Kenya stima ya kuanzia saa nne usiku huuzwa nusu bei. Nafikiria kung'oa hita ya shawa (kilowati 5) na kuweka tangi la maji moto la lita 50 lenye elementi ya kilowati 3, lichemshe usiku kwa taima (swichi inayowaka na kuzima kwa saa uliyopanga), asubuhi watu waoge. Taima ya pili iwe ya mashine ya kufua. Tuko wanne, kila mtu anaoga kama dakika 8 kwa siku. Mita ni ya tokeni (unalipia kabla ya kutumia), haina mpangaji mwingine, na wastani wa miezi mitatu iliyopita ni uniti (kilowati-saa) 118 kwa mwezi. Gharama hii itarudi baada ya muda gani?

Mwanahesabu_Kasa

Kaka, haitarudi. Bei ya nusu unayoisikia ipo kweli, lakini si yako. Ilianza Desemba 2017 kwa wateja wakubwa wa viwanda na biashara: siku za kazi kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, Jumamosi kuanzia saa nane mchana, na Jumapili kutwa. Sababu yake inaeleweka. Usiku wa manane matumizi ya nchi hushuka na mvuke wa ardhini wa mitambo ya stima ya Olkaria unaachiwa hewani bure, kwa hiyo ni heri kiwanda kiutumie kwa bei ya chini. Mita ya nyumbani haijui saa. Uniti ya saa mbili usiku na ya saa tisa usiku ni bei moja.

Wanaoshauri kufua usiku mara nyingi wako nchi ambazo mpango huo upo majumbani. Uingereza kuna Economy 7, masaa saba ya usiku kwa bei nafuu, na mita yake husoma usiku na mchana mbalimbali. Ushauri wao ni sahihi kwao.

Kwako kinachopanga bei ni kiwango cha matumizi. Bei zilizoanza Aprili 2023 zilikuwa hivi kabla ya tozo: hadi uniti 30 kwa mwezi, shilingi 12.22 kwa uniti. Zaidi ya 30 hadi 100, shilingi 16.30, kupita 100, shilingi 20.97. Tarakimu zimebadilishwa tangu hapo, ila ngazi ni zile zile. Unapangwa kwa wastani wa miezi mitatu, na ukishapangwa, uniti zako zote zinatozwa bei ya ngazi hiyo, si zile zilizozidi tu. Hapo ndipo pesa ilipo. Mfano, uniti 105 kwa 20.97 ni shilingi 2,202. Uniti 95 kwa 16.30 ni shilingi 1,549. Umepunguza uniti 10 na umeokoa shilingi 653, kabla ya VAT ya asilimia 16 na tozo ya REP (ya kusambaza stima vijijini) ya asilimia 5. Ukiziweka, pengo linapita 750.

Kwa hiyo usiwaze saa. Waza namna ya kushuka kutoka 118 hadi 95 na kukaa hapo.

FundiWaStima_Buru

Naongezea upande wa maji moto, maana hapo ndipo uniti zako zinapoishia. Watu wanne kwa dakika 8 ni dakika 32 kwa siku. Kilowati 5 kwa dakika 32 ni uniti 2.67, yaani 80 kwa mwezi. Friji, taa, TV, pasi na mashine vyote pamoja vinagawana zile 38 zilizobaki.

Sasa tangi. Kupasha lita 50 kutoka nyuzi 20 hadi 60 kunakula uniti 2.3, dakika kama 47 kwa elementi ya kilowati 3. Ukichanganya na maji baridi unapata lita 100 za nyuzi 40. Hita yako ya shawa kwa dakika 32 inatoa kama lita 115 za joto hilo hilo. Kwa hiyo wa nne kuoga atakuta vuguvugu, elementi itawaka tena, na juu ya hayo tangi hupoteza joto kutwa kucha, takriban uniti moja kwa siku. Kulichemsha saa nne usiku ili watu waoge alfajiri ndiyo njia mbaya kuliko zote, kwa sababu maji yanakaa moto masaa manane bila kazi. Ungekuwa na bei ya usiku, hasara hiyo ingefunikwa na nusu bei. Huna.

Bakisha hita yako. Fanya hivi: dakika 8 zishuke hadi 6, hapo umetoa uniti 20 kwa mwezi. Halafu tazama swichi ya hita. Nyingi zina ngazi tatu na watu huziacha juu mwaka mzima. Julai sawa, baridi ipo. Januari na Februari ngazi ya kati inatosha. Usifungue maji kidogo kidogo ukidhani unaokoa. Mtiririko ukipungua swichi ya presha inakata na kuwasha, kontakti zinaungua, na baada ya muda hita inawaka hata ukifunga bomba.

Mashine ya kufua, osha kwa maji baridi. Stima yake huliwa na kuchemsha maji, kuzungusha nguo ni kidogo sana.

MkaziWaDonholm

Asanteni sana, mmeniokolea pesa ya taima. Maswali mawili. Nikinunua tokeni nyingi tarehe mosi napata uniti zaidi? Na nitajuaje kifaa kinachokula bila kusubiri mwezi uishe?

Mwanahesabu_Kasa

La tarehe mosi ni imani iliyobaki kutoka mfumo wa zamani, ambapo uniti 50 za kwanza za kila mwezi zilikuwa rahisi. Sasa tarehe haina maana. Ila angalia jambo moja: mita ya tokeni inapimwa kwa unachonunua, si unachotumia. Mtu anayetumia 80 kwa mwezi akinunua 240 mwanzoni mwa Juni na 240 nyingine mwishoni mwa Agosti, miezi hiyo mitatu inaonyesha 480, wastani 160, na anapandishwa ngazi bila kosa. Nunua kiasi kinacholingana kila mwezi. Ujumbe wa tokeni unaonyesha mchanganuo wote. Gawa shilingi ulizolipa kwa uniti ulizopata, ikiruka ghafla ujue umehamishwa ngazi au tozo ya mafuta ya kuzalisha stima imepanda.

FundiWaStima_Buru

Kujua mlaji: mita ina taa nyekundu inayomweka, na pembeni imeandikwa kama 1000 imp/kWh. Kwa hiyo kila mmweko ni wati-saa moja. Zima vyote, acha friji tu, hesabu kwa dakika. Mimweko 6 kwa dakika ni wati 360, nyingi mno kwa friji ya kawaida. Kagua mpira wa mlango kwa kubana karatasi, ikichomoka kwa ulaini mpira umekufa. Ukizima mpaka friji na taa ya mita bado inamweka, kuna waya unavujisha au jirani amejiunga kwako. Kama mita iko kwenye nguzo na nyumbani una kibao cha namba tu, soma uniti zilizobaki, ngoja saa moja, soma tena.

Mpangaji_Roysambu

Na sisi wa ploti zenye mita moja na mita ndogo ndogo za landilodi?

Mwanahesabu_Kasa

Hapo dada ngazi haikuhusu. Mita kuu inajumlisha nyumba zote, hivyo mara nyingi iko juu ya 100. Unachookoa ni uniti zenyewe tu. Dawa ni kuomba mita yako mwenyewe kwa ridhaa ya mwenye nyumba.

Boda_ya_Betri

Wenye pikipiki za stima, msipitwe. Tangu Aprili 2023 kuna bei ya vyombo vya umeme, iliyoanza kwa shilingi 16 kwa uniti mchana na 8 usiku kabla ya tozo, lakini inataka mita ya peke yake. Ukichajia soketi ya sebuleni unalipa bei ya nyumba, na betri zinakusukuma juu ya 100.

FundiWaStima_Buru

Na ukichaji ndani, usitumie zile taima za soketi. Zimeandikwa ampea 13 lakini hazivumilii mzigo mkubwa masaa mengi, plastiki inalainika. Za kuzunguka pia husimama stima ikipotea, ikirudi inaendelea pale pale, kwa hiyo baada ya mikato miwili ya wiki iko nyuma masaa kadhaa. Tumia taima ya reli (inayopachikwa ndani ya boksi la breka) yenye betri ndani, ikiendesha kontakta (swichi ya kubeba mzigo mkubwa) ya ampea 25, breka yake pekee, na waya wa milimita mraba 4 ikiwa ni mzigo wa kilowati 3 kwenda juu.