Hiace 5L inakula maji, bolti za hedi zimelegea: nikaze tu au nishushe hedi?

Konda_Mstaafu: Wakuu habari za jioni. Nina Hiace yenye injini ya 5L, dizeli ya Toyota, iliunguza gasketi ya hedi (kizibo cha kati ya hedi, yaani sehemu ya juu inayofunika silinda, na bloku ya chini) ikabadilishwa gereji moja mtaani, bolti zikarudishwa zile zile na zikakazwa kwa bomba la kurefusha spana, mtu anasikilizia mkono tu bila kupima. Sasa tambarare iko poa ila ikipanda mlima Kitonga na abiria geji ya joto inapanda, maji yanatupwa kwenye kopo la akiba na asubuhi rejeta imepungua wakati chini hakuna hata tone. Oili safi. Leo fundi mwingine kafungua tapeti kava (kifuniko cha juu ya hedi), bolti za katikati zinazunguka kiulaini kabisa, anasema tuzikaze zote halafu tujaribu. Nikubali?

Spana_Kumi: Kaka pima kwanza. Asubuhi injini ikiwa ya baridi kabisa fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji mpaka shingoni, washa, angalia. Mapovu yakitoka mfululizo bila kukoma hiyo ni gesi ya silinda inaingia kwenye maji. Halafu zima, rudisha kifuniko, washa tena na ushike mpira wa juu, ukiwa mgumu wakati maji bado ya baridi jibu umeshapata maana joto haliwezi kuleta presha haraka hivyo. Na ndo maana inakusumbua mlimani, ukikanyaga na mzigo presha ya silinda inakuwa kubwa, hedi haijabanwa vizuri, gesi inapenya na kusukuma maji nje.

Dizeli_Tupu: Usikubali. Kuna injini za zamani, matrekta mengi tu, ambazo kitabu chenyewe kinakwambia baada ya kutembea kidogo urudi ukaze hedi. 5L sio hivyo. Inakazwa kwa toki (nguvu ya kukaza inayopimwa kwa spana maalum) ya Nm 78 kwa awamu, unaanzia katikati unaenda nje, unaweka alama ya rangi kwenye kila bolti, unazungusha digrii 90 halafu 90 nyingine. Ule mvutano wa bolti ndo unaobana hedi. Sasa bolti iliyokazwa kwa bomba hujui imevutika kiasi gani, ukiiongezea inaweza kukatika. Na gasketi ikishapitisha gesi imeungua, hairudi hata ukaze vipi.

Konda_Mstaafu: Nimepima asubuhi hii, mapovu yapo na mpira mgumu kama jiwe. Basi nashusha. Bolti mpya ni lazima? Hela imekaba kweli.

Dizeli_Tupu: Kwa zilivyokazwa hizo, nunua mpya mkuu. Kushusha hedi mara ya tatu ni ghali kuliko bolti.

Spana_Kumi: Hapo hapo, hedi ikitoka pitisha rula ya chuma na fila geji (vibati vyembamba vya kupimia mwanya) uone kama imepinda, marefu na mshazari, na bloku nayo usiiache. Gasketi za hiyo injini zina unene wa aina tatu, alama B, D na F, inategemea pistoni zinachomoza kiasi gani, kwahiyo fundi apime asichukue tu iliyopo dukani. Halafu hili wengi wanalipuuza jamani: mashimo ya bolti. Yakibaki na maji au oili chini, spana ya toki inasoma imefika kumbe hedi haijabanwa, na bloku inaweza kupasuka. Puliza na kompresa mpaka yakauke, kisha paka oili kiasi kwenye nyuzi na chini ya kichwa cha bolti. Ukikuta bolti inazunguka tu haishiki, nyuzi za bloku zimeliwa, hapo simamisha kazi uwatafute watu wa lethi (mashine ya kuchonga chuma) wakuwekee slivu, yaani nyuzi mpya ndani ya shimo.